Fundi Yasini Hasikii Tena

Fundi Yasini wa Doornfontein ni kiziwi, na kaficha mpaka kaua injini ya mtu. Nasema wazi, maana nimechoka na hizi "masikini Yasini".

Katoka Tanga kuja huku kusini mwa Afrika miaka kumi na tisa iliyopita. Kazi anapiga ukingoni mwa barabara, ubavuni mwa kompresa inayonguruma kutwa. Mwezi wa sita alikuja Marcellin, Mkongo anayebeba abiria wa kuitwa kwa simu. Gari yake ilikuwa inarusha oili mpaka kwenye chujio la hewa. Yasini akajua pa kushika. Juu ya injini kuna kivalvu kinachotoa moshi na presha inayojikusanya chini kwenye oili. Unakichomoa, unakitikisa sikioni. Kikigonga ka-ka-ka, kizima. Kikinyamaza kimeganda, tupa.

Akatikisa. "Kizima hiki. Tusafishe mpira wake tu."

Hakusikia kitu. Angeweza kuwasha injini, akaziba kivalvu kwa kidole aone kama kinavuta. Hilo halihitaji masikio. Lakini wenzake wangeuliza tangu lini Yasini anapima kwa kidole. Kwa hilo tu!

Wiki tatu baadaye, Marcellin akiwa njiani Midrand, presha ikakosa njia, ikasukuma nje sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili. Oili yote chini. Injini ikakwama.

Marcellin akarudi na vivalvu viwili kiganjani, kile cha zamani na kipya. Nilikuwepo.

"Papa Yasini, tikisa hizi. Ni gani iko inalia?"

Yasini akatikisa kimoja, kisha kingine. Akatusoma nyuso. Suhaib, fundi mwenzake, akacheka: "Eish, mzee, acha maigizo!"

Yasini akainua kile kibovu. "Hiki."

Kicheko kikakatika. Marcellin alikuja na matusi tayari, akayaacha.

"Tangu lini, papa?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Yasini akaendelea kumtazama mdomo.

Marcellin sasa anazunguka kuomba kazi ya ulinzi. Gari imebaki kwenye matofali.

Na Yasini? Kesho yake ililetwa gari nyingine. Suhaib akafungua boneti bila kumwuliza mtu. Yasini alisimama pale na spana yake mpaka mwenye gari akamwomba asogee, anazuia mwanga. Akaomba tena. Mwishowe akamshika bega, akamsogeza.