Marisau ya Bwana Shaibu yaliua mabata wa bonde zima, akasingiziwa Haji

Wakuu, assalaam alaykum, na wasiojibu salamu hiyo, hamjambo.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayeuliza anunue marisau gani, zile punje za bunduki, ya kuwindia kwale na njiwa. Swali zuri. Kilichonipandisha hamaki ni mliomjibu.

"Chukua ya risasi tu, dogo. Hayo mengine mambo ya Wazungu. Wazee wetu walikula ndege wa marisau na hawakufa."

Hawakufa? Nani kakwambia?

Kaeni niwape kisa. Hiki sikuhadithiwa, nilikuwemo, na nikiongeza chumvi hata punje moja Mungu ananiona. Msione nna mvi mkadhani nshapoa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mie kijana wa Ng'ambo, Unguja, mdomo mrefu, shule nliacha mapema. Ninachokijua nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma chochote kilichoanguka mbele yangu. Kwa sababu hiyo nikapata kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa Mji Mkongwe, kazi ya kupanga herufi.

Nyinyi wa kompyuta hamjui. Herufi za siku hizo zilikuwa vipande vidogo vya risasi. Nasema risasi yale madini yenyewe, mazito, ya kijivu, yanayofanywa chubwi za mishipi ya kuvulia. Unaziokota moja moja kwa vidole mpaka jioni, vidole vyeusi tii.

Liwekeni hilo kichwani.

Shangazi yangu, Bi Mize, alikuwa kapata eka zake bondeni, chini ya Kidichi. Mpunga, muhogo kidogo, na mabata. Akiwapenda mabata wake kuliko sisi. Sisi tukifika alikuwa anatuuliza tumekuja kula nini, wao anawauliza wamelalaje.

Kila Jumapili nnakwenda kwake. Jirani yake ndo alikuwa Haji, Mtumbatu, mpole, maneno machache. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alikuja bondeni hana kitu, akapewa kipande cha kichaka, akakifyeka mwenyewe mpaka kikawa shamba. Na kazi aliyopewa na wenye bonde ilikuwa kuwinga ndege wasimalize mpunga.

Haji hana bunduki. Ana teo, ile kamba ya kurushia, na vidonge vya udongo alivyokuwa akivifinyanga na kuvianika juu ya bati. Ana shabaha huyo! Ndege mnana hajatua vizuri kwenye shuke, teo lishazunguka, kidonge kishafika.

Mwenye bunduki alikuwa Bwana Shaibu. Bunduki za watu zilikuwa zishakusanywa na serikali, lakini yeye aliachiwa moja ya marisau, ya kulindia mpunga. Mtu mzima, mswalihina, safu ya mbele msikitini.

Na uswalihina wake ndo ulioleta balaa. Ngojeni nieleze, msinirukie.

Sisi tulivyofundishwa, ndege ukimpiga bunduki akafa kabla hujamuwahi kwa kisu, huyo kibudu, haliwi. Basi Bwana Shaibu akachagua marisau madogo kabisa, punje kama mtama. Marisau makubwa yanaua palepale. Madogo yanamwangusha ndege bado ana roho. Bwana Shaibu anakimbia na kisu, bismillahi, Allahu akbar, kitoweo halali.

Watu walikuwa wakimsifu. "Nyama ya Bwana Shaibu huna wasiwasi nayo."

Lakini punje ndogo, katriji moja ya bunduki inachukua nyingi. Na shabaha yenyewe ya kukisia, anafyatulia kundi zima. Kila mlio ni mvua ya risasi kwenye maji ya mpunga. Na zile zilizobaki kwenye nyama tunazitema kando ya sahani, tunacheka, watoto wanazichezea.

Mpunga ukavunwa. Kama ilivyo ada, kinamama wakafungulia mabata waokote masazo ya mpunga kwenye matope.

Haikupita muda wakaanza kufa.

Tena si kufa kwa tauni ya kuku mliyoizoea. Bata anakonda huku anakula. Kinyesi maji ya kijani. Kisha mabawa yanamning'inia kama nguo iliyoloa, hawezi kuyakunja. Anaburura, anaburura, anakaa, basi. Nyumba baada ya nyumba.

Watu wanataka wa kumlaumu. Wakampata.

Sumu ya panya ya ghala la mpunga ilikuwa mkononi mwa Haji, ndiye aliyekabidhiwa aitege. Bwana Shaibu akasimama barazani kwa mwenyekiti wa bonde, mie nipo:

"Mtu anakaa peke yake kutwa anafinyanga vidonge. Vidonge vya nini? Kavichovya nini? Nyie mnamjua huyu katokea wapi?"

Anavifinyanga mbele ya watu! Misimu yote hiyo! Nikainuka, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, moderator atanifungia. Nikavutwa kanzu nikakalishwa.

Ikaamuliwa kikao kingine Jumapili inayofuata. Haji akishindwa kujitetea, arudishe shamba, atoke bondeni.

Jumapili ile nimefika asubuhi, namkuta Haji anafunga mkeka.

"Wapi?"

"Nakwenda zangu, Rama. Siwezi kukaa na watu kila nikipita wananitazama mikono."

"Ukiondoka leo ndo ushakubali! Wallahi Haji, fungua mkeka huo au nnaulalia hapahapa."

"Ulalie. Nna mwengine."

Tunavutana mkeka kama watoto, tukasikia ukelele wa Bi Mize. Bata wake mkubwa, yule dume mweupe, kaanguka. Bi Mize hakungoja afe. Kamchinja upesi asiwe kibudu, huku anamlilia, huku anamnyonyoa. Kisha akapasua firigisi aisafishe.

"Rama! Haji! Hebu njooni mtazame."

Ndani ya firigisi, katikati ya vijiwe ambavyo kila bata humeza vya kusagia chakula, kuna punje nyengine. Za kijivu. Baadhi bado mviringo, nyengine zishasagika, nyembamba kama dengu, zinang'ara.

Nkaokota moja. Nkaikwaruza kwenye mlango, ikaacha mstari kama penseli.

Wakuu, mie kitu kile nakishika kutwa. Nimekijua kwa vidole kabla ya macho.

Na hapo ndo nilipomkumbuka msimamizi wetu kiwandani. Jitu kali lile, lilikuwa likitufokea: "Ole wako nikuone unatia tonge mdomoni hujanawa! Risasi inaingia mwilini haitoki!" Na kulikuwa na mpanga herufi mmoja wa zamani, akija kutusalimia, viganja vinamning'inia. Anakuinulia mkono, kiganja kinabaki chini.

Vilevile kama mabawa ya bata wa shangazi.

Mabata walikuwa wanameza marisau wakidhani vijiwe. Firigisi inayasaga. Inayageuza uji. Hiyo ndo sumu, si ya Haji!

Kikao kikakaa. Nilitaka kusema mie, Bi Mize akanikata jicho. "Wewe ukisema watu watasikia kelele tu." Akatoka mbele na firigisi ndani ya kifuu.

Bwana Shaibu akachungulia. "Aaa. Huyo atakuwa kapitiwa na bunduki. Bahati mbaya."

"Nimemnyonyoa mwenyewe, hana tundu. Firigisi hii hapa, itafute tundu."

Mwanamke mmoja wa nyuma akanyanyuka, akenda kwake. Nyumba zimepakana. Karudi na firigisi ya bata wake aliyekuwa mahututi. Kaipasua mbele ya kikao. Marisau. Wa pili akenda. Marisau.

Minong'ono ikaanza. Bwana Shaibu akapandisha sauti:

"Hata kama wameyameza! Marisau si sumu, mama. Madini tu. Mimi nyama yangu ina marisau miaka yote, mbona mzima?"

Bi Mize aliziosha zile punje kwa kata ya maji, polepole, kama anaosha mchele. Akauchukua mkono wa Bwana Shaibu, akaufungua, akamwagia kiganjani.

"Basi tia bismillahi, umeze."

Bwana Shaibu anatazama kiganja. Sisi tunatazama kiganja. Mwenyekiti kashika kidevu.

"Meza, Bwana Shaibu. Madini tu."

Akafumba ngumi. "Sikuja hapa kufanyiwa mchezo." Marisau yakaingia mfuko wa kanzu, na yeye akaenda zake.

Haji akabaki na shamba lake.

Sasa niulizeni nani alimwomba radhi. Niulizeni! Mwenyekiti kasema "basi yaishe". Yaishe! Watu walewale waliokuwa wakiwaficha watoto Haji akipita, wakampa mkono kama walikuwa safarini tu. Mie nlitoka pale nimeuma meno mpaka taya linauma.

Hayakuishia hapo. Jumapili nyengine tuko kwa Bi Mize, mabata kawafungia uani, Bwana Shaibu kaja na bunduki begani, kavimba.

"Risasi hamuitaki. Haya, leo ntapiga chuma."

Katriji alikuwa akizijaza tena mwenyewe, maana dukani hazipatikani. Basi kazijaza gololi za baiskeli! Zile ndogo za ekseli.

Nasema kweli, mie nikasema moyoni na apige.

Haji ndiye aliyeinuka. Akamsimamia mbele, na adabu zake zote.

"Ami, usipige hiyo. Mtutu wenyewe mkongwe, na mdomoni umebanwa. Risasi ni laini, inajipenyeza. Chuma hakibonyei. Itakupasukia usoni."

"Unanifundisha bunduki wewe?"

"Sikufundishi, Ami. Nnakuomba."

Bwana Shaibu akaifungua bunduki, akatoa katriji, akaziweka juu ya kibaraza.

Alipoondoka nkamrukia Haji. "Mtu katafuta kukufukuza, wewe unamlinda uso?"

"Rama, wewe ungemfungulia kesi hata kunguru."

Siku chache baadae Bwana Shaibu alionekana kwenye lile bati la Haji. Kachutama. Kachukua udongo akaanza kuviringisha vidonge vya teo, vibaya vibaya, kama vya mtoto. Haji akasogea kumpisha nafasi. Mie nimesimama nasubiri neno moja tu, "niwie radhi".

Akauliza: "Vikinyeshewa?"

Haji akamjibu: "Vinarudi kuwa shamba."

Basi. Neno nililolisubiri hakulisema mpaka anakwenda kaburini, Mungu amrehemu, na mie bado nnamdai.

Sasa wewe kijana mwenye swali, na kibali chako mkononi, nnakwambia kama mdogo wangu. Achana na marisau ya risasi. Siku hizi yapo ya chuma yaliyotengenezwa kiwandani, na yapo ya bismathi, madini laini kuliko chuma, hayana balaa hilo. Chuma ni chepesi, kwa hiyo chukua punje kubwa kidogo kuliko ulizozizoea, na msogelee ndege, usipige mbali. Lakini kabla hujanunua, mpelekee fundi bunduki aitazame. Mtutu wa zamani au uliobanwa sana usiutie chuma, tafuta bismathi. Na usijaze gololi mwenyewe, nakuomba kama Haji alivyoomba.

Wenye uzoefu wa bunduki mpya mnisahihishe, mie ya kwangu ya zamani. Na waliowahi kuona mabata wakifa mabawa yananing'inia, andikeni hapa ilikuwa wapi.

Na nyinyi wa "wazee walikula hawakufa", uzi uko wazi, karibuni. Ila kabla hujaandika kitu, chukua punje zako, zioshe, uziweke kiganjani.

Ungemeza?