Maiki ya mheshimiwa ilikuwa mkononi mwangu

Leo nimeaibika mbele ya soko zima.

Mwanasiasa wa upinzani alikuja hapa sokoni kwetu Konyo Konyo kuisema serikali juu ya bei ya mafuta na umeme.

Spika zake nilizichomeka kwa jenereta yangu, ile ninayowauzia umeme wenye vibanda. Bure! Na maiki nikamshikia mwenyewe, kifua mbele.

Akauliza, "Nani hapa bei ya umeme imemshinda?"

Mama Keji, fundi cherehani jirani yangu, akainua mkono.

"Mimi. Lakini si serikali, mheshimiwa. Ni huyo anayekushikia maiki. Asubuhi nimeshindwa na bei yake mpya, akang'oa waya wangu kwa jenereta yake."

Soko likacheka. Mheshimiwa akahamia habari za barabara.

Nimeenda kumrudishia waya. Ananiuliza, "Na kesho, mheshimiwa akishaondoka?"

Jamani, nyinyi mngejibu nini?