Karatasi Safi ya Fundi Muli

Siku ambayo mimi mama yako naikumbuka kila nikikunja karatasi, mwanangu, ni ile niliyosimama Kanyangi na michoro kwapani nikanyamaza. Uliponipigia simu juzi ukaniambia wamekufanya msimamizi wa michoro yote ya kompyuta hapo ofisini kwenu, kwamba siku hizi jengo zima linakaa ndani ya mashine na msanifu, mhandisi na mtu wa mabomba wote wanatia mikono yao humo, nilifurahi. Halafu nikachoka. Sikukuambia kwa nini. Sasa nakuambia.

Nilianza kazi nikiwa mnakili. Ofisi yetu ilikuwa Kitui mjini, vyumba vitatu juu ya duka la nguo la familia moja ya kutoka pwani, na kazi yangu ilikuwa kupitisha wino juu ya mistari ya wakubwa. Ukikosea unakwangua na wembe, polepole, usije ukatoboa karatasi. Macho yangu haya yaliharibikia pale, usidhani ni uzee. Aliyetunza michoro alikuwa Mzee Kilonzo, mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa, na alikuwa na desturi moja iliyotukera wote. Mchoro ukibadilishwa, karatasi mpya haitoki mpaka ile ya zamani irudi kutoka kwa fundi. Irudi yenyewe, na vumbi lake. Anaikata kona mbele yako, anaandika kwenye daftari, ndipo anakupa mpya. Fundi akiwa Ikutha, basi mtu anapanda gari mpaka Ikutha kuifuata. Tulimcheka sana mzee wa watu.

Miaka ya tisini ilipoanza bosi alileta kompyuta, akanipeleka Nairobi wiki sita kujifunza kuchora nayo. Nikarudi kichwa kimevimba. Mstari uliokuwa unanimaliza asubuhi nzima na wembe, sasa nabonyeza tu unatoweka. Nikafanywa msimamizi wa michoro, na Mzee Kilonzo, aliyenifundisha kushika kalamu, akawa chini yangu. Jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kumwambia daftari lake limestaafu.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya zahanati ya Kanyangi, upande wa chumba cha kujifungulia. Kina mama wa mwethya, kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi, ndio walioibeba ile kazi: mchanga wakautoa mtoni, maji wakayaleta na punda na migongo yao, na kokoto wakaziponda wenyewe kwa nyundo. Fundi alikuwa Muli, mtu wa Makueni, makini kupita kiasi. Hakuweka jiwe kabla hajapima mara tatu. Msingi ulikuwa umeshatokeza juu ya ardhi wakati daktari aliposema mlango wa kile chumba uko mahali pabaya, tena ni mwembamba, kitanda cha mgonjwa hakitapita. Nikausogeza na kuupanua kwenye kompyuta kabla chai yangu haijapoa. Nikachapisha karatasi, nikaituma kwa basi. Mzee Kilonzo akaniuliza kama ile ya zamani imerudi. Nikamwambia hakuna ya zamani, nimechora juu yake, imekwisha. Akarudi kwenye kiti chake.

Kwangu ilikuwa imekwisha. Kwa Muli ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye stoo ya simiti, na kila asubuhi aliisoma.

Wiki chache baadaye mimi na bosi tukaenda kukagua. Ukuta ulikuwa umefika juu, umenyooka vizuri kabisa, na mlango uko palepale pa zamani. Bosi akamuuliza Muli kama alipokea mchoro mpya. Muli akaingia stoo, akafungua sanduku lake la vifaa, akatoa karatasi yangu imefungwa kwa nailoni, safi. Bosi akaibandua ile ya ukutani, akaziweka pamoja, akawaka. Kumbe mchoro unao, umeuficha, unajenga unavyotaka wewe! Muli alizitazama zile karatasi mbili, hii na ile, akazisogeza karibu na macho. Alifukuzwa pale pale, mbele ya wale kina mama. Ukuta ulipoanza kubomolewa, mmoja wao, mjamzito, alikaa kwenye mchanga akalia. Maji ya ukuta ule alikuwa ameyabeba na tumbo lake hilo.

Mimi nilinyamaza. Nilihisi kuna kitu hakiko sawa, na bado nilinyamaza.

Tuliporudi ofisini na zile karatasi mbili, Mzee Kilonzo alizitandaza mezani kwangu.

"Ipi ni mpya?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile safi.

"Toa vumbi. Sasa ipi ni mpya?"

Nikaangalia. Namba ni ile ile, tarehe ni ile ile, jina langu pembeni. Kwenye karatasi mlango ulikuwa umesogea upana wa kucha tu, na sikuwa nimeandika popote kwamba kuna kilichobadilika. Muli alipoipokea alidhani ofisi imemtumia nakala ya akiba, akaitunza isichafuke, akaendelea na ile chafu.

"Kazi yako uliachia vumbi likufanyie," akasema. "Nenda kwa bosi leo."

Sikuenda, mwanangu. Niliogopa kurudishwa kwenye wino na wembe. Nikasema kesho, nikasema wiki ijayo. Nilienda baada ya miezi mitatu. Bosi akagunaguna, akaandika barua ya kumrudisha Muli kazini, na barua ikarudi kwetu haijafunguliwa. Mzee Kilonzo alistaafu bila kulitaja tena jambo lile.

Muli nilimpata miaka baadaye, kwake Makueni, anachunga mbuzi wake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Akaniambia:

"Madam, mimi niliacha ujenzi kwa sababu nilidhani macho yangu hayasomi tena. Siku ile nilizitazama karatasi mbili nisione tofauti. Nikasema mtu asiyeona atawajengea watu nyumba iwaangukie."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Aliniuliza tu kama ule mlango ulikaa sawa mwishowe, nikamwambia ndiyo, vitanda vinapita. Akatingisha kichwa, akafuata mbuzi.

Basi sikiliza. Jengo haliko ndani ya hiyo mashine yenu. Liko kwenye karatasi aliyoshika yule anayechanganya simiti. Ukibadilisha kitu, andika umebadilisha nini, wapi, lini, mpaka mtu mwenye haraka aone. Jua nani amebaki na cha zamani, kisha ukakichukue, hata kama ni Ikutha na jua ni kali. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaenda nyumbani akiyashuku macho yake mwenyewe.

Mimi nimechoka, mwanangu, na jambo hili sijaweza kulitua. Mungu akujalie macho ya Muli, na daftari la Mzee Kilonzo, na mdomo ambao mimi siku ile sikuwa nao. Nenda kazini na amani.