Bustani Iliyofichwa Mtoni

Mama Khampheng hakuwaamini Wachina tangu treni ilipoanza kuwashusha watalii wao mjini kwao Luang Prabang, nchini Laos. Watu wanaotabasamu hivyo bila sababu, alisema, wana lao jambo.

Basi mwezi wa saba akaja mpimaji ardhi wa Kichina, bwana Tang, na darubini yake ya miguu mitatu. Ilisemekana serikali mbili, ya Laos na ya China, zimekubaliana, linajengwa gati la mashua za watalii kwenye mto Khan. Machale yakamcheza mama wa watu. Bustani yake ya saladi na karanga, iliyomlisha tangu afiwe na mumewe, iko ukingoni pale pale, ila mwezi huo iko chini ya maji. Mto ukipanda huimeza, ukishuka huirudisha. Juu hubaki vichwa vya nguzo za mianzi tu, na ni kwa nguzo hizo kila mtu hujulikana kwake ni wapi.

Jirani yake Somvang alimshauri amwoneshe mpimaji nguzo zake, kama alivyofanya yeye. Khampheng akamcheka. Nani humwonesha mwizi kabati? Alfajiri, kabla Tang hajafika upande wake, akaingia majini mpaka kiunoni, akang'oa nguzo zote kumi na nne, akazificha uvunguni mwa nyumba. Tang akaja na mkalimani, akauliza kwa adabu kama kuna anayelima pale.

"Pale? Nani alime mtoni, mwanangu? Labda samaki."

Wakacheka wote, Tang akaandika. Mama akarudi nyumbani kifua mbele. Somvang aliposikia, hakucheka.

"Dada, akili nyingi huondoa maarifa."

Akanuniwa wiki nzima kwa neno hilo.

Mwezi wa kumi na moja maji yalishuka. Khampheng akateremka na jembe na nguzo zake. Bustani ya Somvang ilikuwa imezungushiwa kamba nyekundu, haijaguswa. Kwake palikuwa na ngazi za zege, zimeshafika nusu. Akapiga kelele kwamba pale ni kwake. Msimamizi wa ujenzi akamfungulia ramani: hapana mwenyewe, na jina la aliyethibitisha ni lake.

Tang alipomwona akaja mbio, viganja vimeunganishwa kifuani kwa heshima, akasema maneno mengi.

"Anakushukuru, mama," mkalimani akatafsiri. "Kila mtu alikuwa anadai kipande cha mto. Bila wewe tusingepata pa kupitisha ngazi."

Khampheng akamkazia macho yule Mchina, akiitafuta dhihaka usoni mwake. Hakuiona.