Damu Yangu Ndiyo Iliyonipa Sumu

Mudogo wangu aliolewa na Mwislamu huko Goma. Kila Idi mimi huvuka mpaka pale Grande Barrière kwenda kula kwake, na kila Noeli yeye huvuka kuja kula kwangu hapa Nengo. Mwaka ule, siku tatu baada ya pilau ya Idi, vidole vyangu vilivimba. Mashavu yakatoka madoa, magoti yakakataa ngazi. Mtoto wangu wa kwanza, anayefanya kazi ofisini, hakuuliza mengi.

"Mama, umepewa sumu."

"Na nani?"

"Ulikula kwa nani?"

Huku kwetu ugonjwa usioeleweka una jina hilo moja tu. Siku ile ile akampigia simu mudogo wangu, akamwambia asikanyage tena hapa. Tangu hapo nikimpigia hashiki simu. Nina dada mmoja tu duniani, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya sahani ya pilau.

Nikapandishwa pikipiki mpaka Nyamyumba, kwa mzee mmoja anayetapisha watu. Nilitapika asubuhi nzima. Mzee akachungulia beseni, akasema sumu imetoka, ila imebaki. Nikamwambia achague moja. Akasema nirudi Alhamisi.

Sikurudi. Nilikwenda hospitali. Walinitoa damu mara nyingi, mpaka siku moja daktari, mama mwenye miwani, akanikalisha na kuniambia ugonjwa unaitwa lupus.

"Mukecuru, bibi yangu, ndani ya damu kuna askari wanaoitwa kingamwili. Kazi yao ni kukamata vijidudu vinavyoingia. Wako wanakukamata wewe."

"Bon. Wakishanikamata wananipeleka wapi?"

Akacheka, halafu akaacha, maana mimi sikucheka. Akasema kwa wagonjwa kama mimi wataalamu wameona jambo la ajabu: baadhi ya askari hao hawashiki tu, wanakata. Askari wa kawaida anashika na kushikilia, basi. Huyu anashika, anakata, anaachia, anaenda kukata kingine, wala hachakai, kama vile vimeng'enya vinavyokata chakula tumboni. Na kinachokatwa ni ule uzi mwembamba wenye maagizo ya jinsi mwili unavyojengwa.

"Na wangu wanakata?"

"Hapa hatuna mashine ya kuwaona. Na wale walio nazo bado wanabishana kukata huko kunaumiza kiasi gani. Ninachojua ni kwamba askari wako wamekugeukia, na dawa za kuwatuliza zipo."

"Mutu anaweza kunitilia hao ndani ya pilau?"

"Hapana, mukecuru. Umewatengeneza mwenyewe."

Nikaanza vidonge. Jumapili baada ya ibada mtoto wangu akaitisha kikao cha familia sebuleni, na daftari la kuandika maamuzi. Nikawaeleza yote, nao wakanitazama kama mutu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Donc, kumbe aliyekupa sumu ni wewe?" mtoto wangu akauliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa na ugomvi gani na wewe mwenyewe?"

"Hakuna ugomvi. Tumeishi pamoja miaka mingi."

Akaandika. Nikachungulia daftari: mgonjwa, mama, mshukiwa, mama, shahidi, mama. Akaniuliza kama nimejisamehe, ili afunge kikao. Nikamwambia nimejisamehe, sasa ampigie mama yake mdogo amwombe msamaha.

"Mama, itakuwa aibu."

"Basi bakia na daftari lako."

Kesho yake nikavuka mwenyewe, magoti yakilia. Mudogo wangu alinikuta mlangoni pake.

"Yaya, dada yangu! Umekuya kutafuta ingine?"

"Kama iko imebaki, leta."

Hakutabasamu. Akanikalisha, akaleta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, visamaki vya kukaanga. Kwetu mwenye nyumba huonja kinywaji mbele ya mgeni, kuonyesha ni salama. Yeye akaonja maji. Akaonja bugali, tonge baada ya tonge. Akaonja sombe pande zote nne za sahani. Akaanza sambaza, moja moja, pamoja na vichwa.

"Unaona? Mi niko muzima."

"Daktari amesema ni damu yangu tu."

"Damu yako na yangu si ni moja? Tulitoka tumbo moja. Donc bado unanisingizia mimi!"

Hilo hata daktari asingelijibu. Akanyoosha mkono kuonja sambaza ya mwisho. Nikampiga kofi mkononi, nikainyakua, nikaitia kinywani kabla hajaigusa. Nikatafuna polepole nikimwangalia machoni, mpaka mifupa.

Akainuka, akachukua sahani, akaenda jikoni kunipakulia chakula, kwa sababu changu chote alikuwa amekimaliza yeye.