Mdogo Wangu na Kanuni ya Helmeti

Mteja wangu mmoja, Mrundi anayefanya kazi ya ulinzi kwenye maghorofa mapya ya Point, mtaa wa ufukweni, aliniletea simu yake asubuhi nimbadilishie kioo. Kabla hajaniachia alitaka nione video iliyokuwa ikizunguka kwa watu.

"Dada, angalia huyu anavyopiga," alisema akicheka. "Kama treni."

Kioo kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe, lakini niliona vizuri. Ilikuwa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega makubwa ya plastiki. Mchezaji mmoja alikuwa ameruka kudaka mpira. Kabla miguu yake haijatulia chini, mwingine alitokea ubavuni, ameinamisha kichwa, akamgonga helmeti kwa helmeti. Aliyegongwa alianguka chali, mikono yake ikabaki hewani, imekakamaa, kama mtu anayesubiri kupokewa mzigo. Aliyempiga aliinuka, akapepesuka kidogo, kisha akajipiga kifua.

Aliyempiga alikuwa mdogo wangu.

Sikumwambia mteja. Nilimwambia apite mchana kuchukua simu yake, nikabaki nimeishika. Mechi ile ilichezwa sisi tukiwa tumelala, kwa hiyo sikuwa na habari. Nilitaka kujua kama yule aliyeanguka aliinuka, lakini video ilikatika palepale, ikaanza upya yenyewe. Kazi ya kioo ninayoifanya nimefumba macho ilinichukua asubuhi nzima.

Mdogo wangu tulimlea hapa Durban, Sydenham, baada ya kutoka Uvira, Kongo. Alipokuwa shule ya msingi, mimi nilikuwa na mchumba, ambaye sasa ni mume wangu. Mtu huyo alipenda raga kuliko chakula. Alikuwa akimchukua mdogo wangu Jumamosi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya shule, anamfundisha kuangusha mtu. "Kichwa kando!" ndiyo kelele niliyoizoea. "Bega linapiga, kichwa kinapita pembeni!" Baadaye shangazi yetu alipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani pamoja na watoto wake, akamchukua na yeye. Huko shuleni waliona mabega yake, wakamvalisha helmeti. Siku hizi kucheza ndiyo kazi yake. Ni mlinzi wa nyuma kabisa, yule anayebaki kumzuia mtu ambaye amekwisha kuwapita wenzake wote.

Jioni nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amekwisha kuona. Anaendesha foklifti kwenye ghala moja Clairwood, na huko vijana walikuwa wameitazama video mchana kutwa. Alinipa habari nilizokosa: yule mtu alitolewa kwa machela lakini yuko hai, mdogo wangu alifukuzwa uwanjani na atakosa mechi moja. Tena wakubwa wa ligi walitaka kukaza kanuni. Mchezaji yeyote atakayeinamisha kichwa na kugonga kwa helmeti atatolewa, awe amekusudia au hakukusudia.

"Wanaua mchezo," mume wangu alisema. "Helmeti iko ya nini basi? Unamvalisha mtu kitu kigumu kichwani, halafu unamwambia asikitumie?"

"Imewekwa imlinde," nilisema. "Haikuwekwa agongee watu."

"Wewe hujui mwendo wa mambo pale. Bega linaenda kifuani, mwenzako anajikunja kidogo tu, tayari ni kichwa. Utamfukuza mtu kazi kwa sababu mwingine ameinama?"

"Na raga yako? Mtu akiguswa kichwani hapa refa anatoa kadi nyekundu, na wewe unapiga makofi."

"Raga iko tofauti."

"Tofauti gani?"

Alifikiri. "Kule hawavai helmeti. Kila mtu anaogopea kichwa chake mwenyewe."

"Eish, si ndicho ninachokisema?"

Mama yetu anaishi nasi. Alikuwa mezani akichambua sombe, majani ya muhogo, na hakuwa ameinua macho tangu tuanze. "Huyu mtoto ya watu aliyeanguka," aliuliza, "mama yake iko?"

Mume wangu alizima simu, tukala.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alinipigia nikiwa dukani. Ananiita yaya, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake. Aliniuliza kama kuna mvua Durban. Nikamwambia ipo, tangu jana, na maji yamejaa barabarani mpaka robot, taa za kuongozea magari, zimezimika, magari yanapita kwa kuviziana. Alicheka. Aliniambia kwamba alimtembelea yule aliyemwumiza, wakapeana mikono, na kwamba wachezaji wote wameitwa kwenye mkutano kutoa maoni juu ya kanuni mpya. Walinzi wa timu yake wamemchagua yeye awasemee, aipinge.

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona..." Akakatisha, akaanza upya. "Yaya, huko Durban kuna mvua?"

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilimwashiria asubiri, nikaenda nyuma ya pazia ambako tunaweka ndoo na mifagio.

"Umeniuliza sasa hivi," nilisema taratibu. "Una nini?"

Alikana. Nikamwuliza tena. Ndipo aliponiambia kwamba tangu siku ile kichwa kinamuuma, taa za uwanjani zinamchoma macho, na asubuhi moja alikaa ndani ya gari bila kukumbuka alikuwa anakwenda wapi. Kule walipompima baada ya mechi aliwaambia yuko sawa, akajibu maswali yao yote. Alikuwa ameyakariri.

"Nenda kwa daktari."

"Nikisema, nitawekwa kando. Kuna kijana nyuma yangu anasubiri nafasi hii. Yaya, tafadhali, usimwambie Mama."

Nilikubali. Sijui kwa nini nilikubali haraka vile. Nadhani niliogopa kwamba nikikataa hatanipigia tena, nami nitabaki kumtafuta kwenye simu za wateja.

Wiki ile sikuwa mtu. Nilisoma kila nilichokipata juu ya mtikisiko wa ubongo, na kila nilichosoma kilinitisha kuliko cha kabla. Nilisoma kwamba ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, hali inaweza kuwa mbaya sana. Adhabu yake ya mechi moja ilikuwa imekwisha, Jumapili angerudi uwanjani. Simu ikilia dukani, niliacha kazi nikaikimbilia. Kanisani nilisimama watu wakikaa. Mama alinitazama mara mbili tatu, akaacha kuuliza.

Ijumaa nilishindwa, nikamwambia mume wangu. Nilitegemea atabisha, maana kwa kanuni ile alikuwa bado anabishana hata na majirani. Hakubisha. Aliweka kikombe chini.

"Amesahau anakwenda wapi?"

"Ndani ya gari."

"Na Jumapili anacheza."

"Ndiyo."

Alichukua simu palepale, akaiweka mezani, sauti juu. Kule ilikuwa mchana. Mdogo wangu alipokea kwa furaha, na shemeji yake hakumpa nafasi ya salamu.

"Nilikufundisha kuweka kichwa wapi?"

Mdogo wangu akasema, "Yaya amekuambia."

"Nakuuliza. Wapi?"

"Shemeji, hapa siyo Sydenham. Hapa mtu anakuja na kilo mia na zaidi, anakimbia. Ukiweka kichwa kando anakupita. Akikupita mara mbili, umekwisha. Hiki ni kichwa cha kazi. Nimeshakubali."

Mama alikuwa mlangoni. Hatukusikia alipofika. Alivuta kiti, akaisogelea simu kama anavyoisogelea siku zote, mdomo karibu kabisa.

"Hiyo kichwa ni mimi niliibeba mgongoni," alisema. "Toka Uvira mpaka tulipopata mashua, jua inawaka, niliifunika na kitenge yangu, mimi nikaacha yangu wazi. Wewe umekubali. Mimi nani aliniuliza?"

Hakupandisha sauti. Nilisikia mdogo wangu akivuta pumzi, kisha nikasikia analia, na sikuwa nimemsikia akilia tangu siku alipopanda ndege na shangazi. Mama alimwacha alie. Mume wangu aliondoka akasimama dirishani, ametupa mgongo.

Jumamosi mdogo wangu alikwenda kwa daktari wa timu, akasema yote. Walimzuia kucheza. Ikawa wiki, ikawa nyingine, ikapita zaidi ya mwezi. Yule kijana aliyekuwa nyuma yake alishika nafasi na akacheza vizuri, jambo ambalo mdogo wangu alinisimulia kwa sauti ya kawaida mno. Siku nyingine alilala mchana kutwa, mapazia yamefungwa. Siku nyingine alikasirika bila sababu, akanikatia simu, akanipigia tena kuomba radhi. Mama akawa anampigia kila asubuhi ya kule na kumwuliza jana alikula nini, na akichelewa kujibu, Mama hali chakula.

Mkutano ulifika akiwa bado nje. Walinzi wenzake walimpa zamu yao kama walivyokubaliana. Alisimama akawaambia kwamba hawezi kuipinga kanuni ile. Aliwaambia kwamba watu walimwonea huruma aliyepigwa, na ni haki yake, lakini yeye aliyepiga ndiye aliyeshindwa kukumbuka njia ya kwenda mazoezini. Wawili walitoka nje akiwa bado anazungumza. Mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia mlangoni kwamba amewauza. Kanuni ilipita, na sidhani ilipita kwa ajili yake. Wakubwa walikuwa wameshaamua. Lakini rafiki yule hakumsemesha kwa majuma.

Daktari alimruhusu kurudi karibu na mwisho wa msimu. Jumapili hiyo tulikaa sote sebuleni, simu ya mume wangu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti kana kwamba nyumba inakwenda. Kila walipogongana, Mama alifumba macho, akaniuliza: "Ameinuka?" Nikawa namjibu: "Ameinuka."

Kipindi cha mwisho mchezaji wa upande wa pili aliwapita walinzi wote, akabaki mdogo wangu peke yake. Nilimwona akija kwa kasi, na nilimwona yule mwenye mpira akiinama. Mdogo wangu naye alianza kuinama. Kisha akainua uso. Akajaribu kumshika kwa bega, kichwa pembeni, akachelewa, akabaki ameshika jezi kwa vidole, na yule mtu akajinasua akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Uwanja mzima ulizomea. Timu yake ilifungwa.

"Alikuwa naye mkononi," mume wangu alisema. "Alikuwa naye kabisa." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Nilisubiri aseme kwamba kanuni ndiyo iliyomfungisha. "Wacha apite," alisema mwishowe. "Wacha apite, bwana."

Mdogo wangu alinipigia baada ya kuoga.

"Yaya, uliona?"

"Niliona."

"Kwa kichwa ningempata."

"Najua."

"Kesho wataonyesha hiyo tu, siku nzima." Alipumua. "Nina njaa. Yule rafiki yangu amesema twende tukale. Sijui anataka kunigombeza au nini."

Nilimwambia aende. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti, miwani imemshuka, nikamfunika miguu. Mechi nyingine ilikuwa Jumapili iliyofuata, ugenini, na tayari nilikuwa nimeanza kuhesabu siku.