Hodi kwenye Nyumba ya Kuze

Bi Swabaha hucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, kwa hiyo mara nyingi jambo lenyewe hatulipati. Akicheka sana hushikwa na kwikwi. Akishikwa na kwikwi watoto nao hucheka, na kicheko hicho hushuka ngazi mpaka duka la viungo lililo chini ya chumba chake, ambako mwenye duka hupima bizari akitabasamu bila kujua kisa ni nini.

Kazi yake ni kuwasaidia watoto, vijana na jamaa zao wanapozidiwa na mambo ya moyoni: hofu, huzuni, hasira, ugomvi usiokwisha nyumbani. Aliisomea chuoni, akaifanya miaka kadhaa kwenye hospitali moja upande wa bara, kisha akarudi Mji wa Kale, mitaa ile ile aliyocheza utotoni, akakodi chumba cha juu. Kibao chake kina jina lake na mshale unaoelekea juu, basi. Angeandika zaidi, asema, akina mama wa hapa wasingepanda. Na kweli, wengi hupanda na vikapu, na jirani akiwauliza husema wamefuata bizari. Wakishuka huona haya kurudi na kikapu kitupu. Mwenye duka aliniambia hajapata kuuza bizari kama anavyouza tangu mama huyu ahamie juu yake.

Mimi ni fundi wa makubadhi, kibanda changu kiko njia ya kwenda Makadara. Bi Swabaha nilimjua kwa miguu kwanza. Chini ya buibui huvaa raba nyeupe zenye kamba za rangi ya chungwa, na mtu wa kazi yangu hawezi kuacha kuona jambo kama hilo. Nilidhani ni mwalimu wa mbio. Kumjua hasa nilimjua kwa sababu ya mwanangu Aida.

Aida ana miaka saba. Nyumbani ni kasuku. Huimba, hugombana na paka, humsahihisha mamake habari za mapishi. Akivuka kizingiti tu, sauti hubaki ndani na mtoto hutoka peke yake. Hakuwa akiamkia watu wazima, na mtoto asiyeamkia katika mitaa yetu ni aibu ya ukoo mzima. Waliotupenda walisema ni bubu. Wasiotupenda walisema hana adabu. Shuleni hakupata kusema neno hata moja, na siku moja alirudi na sare mbichi kwa kuwa alishindwa kuomba ruhusa ya kwenda choo. Siku hiyo mke wangu Fadhiya aliifua ile sare mara mbili, na ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Kisha mwalimu wake, ambaye si mtu mbaya, akatuita. Alisema Aida asiposoma kwa sauti kabla shule hazijafungwa, hataweza kumpeleka gredi ya pili, na itabidi tumtafutie shule nyingine, ya watoto wasiosema. Na Aida yuwasema. Ndilo lililotuuma. Fadhiya akachukua kikapu, akatangulia ngazi za Bi Swabaha, Aida katikati, mimi nyuma.

Niliogopa atatulaumu kwa kuwa tulikuwa tumeshampeleka mtoto kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasomewa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani. Bi Swabaha akauliza tu kama kombe lilikuwa na zafarani nzuri. "Vyema, kasomewa dua," akasema. "Sasa na sisi tufanye letu." Akatwambia mtoto huyu si bubu na adabu anayo, ila hofu humkaba koo akiwa mbele za watu, na hofu ya namna hiyo ukiivuta kwa nguvu huzidi kukaza. Hutolewa kidogo kidogo. Baada ya hapo hakumwuliza Aida swali hata moja. Alivua raba, akakaa mkekani, akatoa vijiwe, wakacheza mdako mpaka tukachoka kungoja. Bi Swabaha alishindwa vibaya, na sikuona kama alijishindisha.

Dawa aliyotupa ilikuwa hodi. Alisema hapa kwetu hodi ndilo neno la kwanza la mtu nje ya kwao, basi tuanzie hapo, na tuanzie kwenye mlango usio na mtu nyuma yake, mtoto asiwe na wa kumwogopa. Mlango ulikuwepo. Kule mtaa wa Kuze kuna nyumba ambayo mwenyewe alihamia Maskati, na mlango wake wa nakshi haukuwa umefunguliwa kwa miaka.

Siku ya kwanza Aida alisimama mbele ya mlango ule, akafungua mdomo, akageuka kunitazama mimi. Bi Swabaha naye akanitazama.

"Hebu babake Aida atuonyeshe njia," akasema.

Nikapiga hodi. Bi Swabaha akangoja kidogo, kisha akaniuliza nitaanza lini.

Tangu utoto sauti yangu ni ndogo, na nikienda kwa watu hugonga kwa pete na kutumaini mema. Bi Swabaha hakunicheka kwa hilo, alicheka kwa furaha kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta. Hapo hapo akabadilisha mpango. Mwanafunzi atakuwa mimi na mwalimu atakuwa Aida. Kila siku baada ya alasiri nitapiga hodi mara tatu kama desturi, na mwalimu atanipa alama kwa kidole gumba, juu au chini, bila kulazimika kusema chochote.

Mwanangu ni mwalimu mkali. Kidole kilikwenda chini siku nyingi. Mara nyingine alikigeuza chini na kukitikisa, kuonyesha kwamba hata chini kwenyewe sijafika.

Tatizo lilikuwa Bi Zakiya. Ni mama mtu mzima, dirisha lake laelekea mlango ule, na hakuna kipitacho Kuze asikione. Siku ya tatu au ya nne akatoa kichwa.

"Taib, mwanangu, nyumba hiyo haina mtu."

"Najua, bibi."

"Sasa wambishia nani?"

Sikuweza kueleza mambo ya mtoto wangu mbele ya mtaa, nikasema nafanya mazoezi. Ingekuwa afadhali ningenyamaza. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimenipita na kufika kibandani kabla yangu. Wengine walisema nataka kuinunua nyumba. Wengine walisema naita jini. Wenye busara zaidi walisema nimeficha mke wa pili mle ndani, na hanifungulii.

Habari ya mke ilimfika Fadhiya akiwa anamimina chai, na chai ikaenda kwenye sahani ya mahamri. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema siku ya harusi yetu, akina mama walipofunga mlango wa chumba cha bibi harusi na kungoja bwana harusi abishe ili wamtoze ada yao ya kufungua, walingoja mpaka wakaanza kudhani nimetoroka, kumbe nimesimama nje, kimya, na fedha mkononi. "Aliyeshindwa kunibishia mimi ndiye awe na wa pili?" akasema. Tangu siku hiyo kila nikitoka alinituma salamu kwa mke mwenzake.

Lakini jambo lilikuwa likitokea. Aida alianza kucheka pale mtaani, kicheko chenye sauti. Kisha alasiri moja, nikiwa katika hodi ya pili, nilisikia nyingine nyuma ya kikoi changu, nyembamba kama uzi. Hodi. Bi Swabaha alikuwa ametuonya tusimshangilie, kwa kuwa mtoto mwenye hofu akishangiliwa huona mato yote yamemgeukia. Basi nikaendelea kutazama mlango, na machozi yakinitoka nikajidai ni vumbi. Nilipompelekea Bi Swabaha habari, aliziba mdomo kwa mtandio wote, na kwikwi zikampata kwa ile furaha aliyoizuia.

Ila siku zilikuwa zikiisha, na hodi ya nyuma ya kikoi haikuwa kusoma mbele ya mwalimu. Nilimwuliza Bi Swabaha kama tutawahi. Hakunidanganya. Alisema hajui, lakini Aida yuwapanda na sisi tusimsukume, na kwa mwalimu wa shule atakwenda yeye mwenyewe kuzungumza.

Basi ikawa siku ya Alhamisi. Bi Swabaha alikuja kutazama, akakaa kwenye baraza ya jirani na mfuko wake wa mabuyu. Bi Zakiya alikuwa dirishani. Nikavuta pumzi, nikapiga hodi ambayo sijapata kuipiga tangu nizaliwe, mpaka njiwa wakaruka. Kidole cha Aida kikaanza kupanda.

Na ndani ya nyumba ile, sauti nzito ikasema, "Karibu."

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mbio na mguu mmoja mtupu, kwani kubadhi langu, kazi ya mikono yangu, lilibaki mlangoni. Nilipita chini ya dirisha la Bi Zakiya nikamsikia akisema si aliniambia. Ndipo nyuma yangu ikaja sauti ninayoijua ya jikoni kwetu, ile inayogombana na paka, kubwa kuliko yangu mara kumi.

"Baba! Rudi! Si jini, ni mtu, ana ndoo ya chokaa!"

Mtaa mzima ulisikia. Nikarudi nikichechemea. Mlango ulikuwa umefunguka nusu, na kizingitini amesimama mwanamume mrefu, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye nyusi. Jina lake Oloo, fundi mwashi. Mwenye nyumba alikuwa amempigia simu kutoka Maskati aje atengeneze kuta, na asubuhi hiyo aliingia kwa mlango wa uani. Alipouliza njia kwa muuza kahawa, aliambiwa nyumba hiyo ina jini apigaye hodi kila alasiri. Msaidizi wake akakataa kazi hapo hapo. Oloo alikaa ndani kutwa akiwaza, akaona jini mwenye adabu ya kubisha atajibiwa kwa adabu.

"Nilifunga macho nikasema karibu," akatuambia. "Nilipofungua mlango nikamwona huyu mtoto. Nikamwuliza ni nani. Akasema, 'Mimi Aida. Yule anayekimbia ni babangu.'"

Bi Zakiya akauliza kutoka juu mtoto mwenye sauti hiyo tulikuwa tumemficha wapi. Bi Swabaha alikuwa amelala ubavu barazani, mabuyu yamemwagika, kwikwi moja juu ya nyingine, na bado mkono wake ulikuwa umeinuliwa kutuonya tusipige makofi.

Siku iliyofuata, shuleni, Aida hakusema kitu. Nilivunjika moyo. Bi Swabaha hakuvunjika. Alisema sasa tunajua mlango ni mzuri, basi tuuhamishe. Alikwenda kwa mwalimu wakaelewana. Watoto wengine walipotoka, mwalimu alijifungia darasani, Aida akasimama nje akapiga hodi. Akaambiwa karibu. Akasoma akiwa nje, ukurasa mzima wa kuku na vifaranga vyake, mdomo ukiwa kwenye tundu la ufunguo. Kesho yake mlango uliachwa wazi kidogo. Wiki ya kufunga shule alisoma akiwa ndani, ameuelekeza uso ukutani, na wenzake wako nyuma yake. Mwalimu alisema sauti ni sauti, hata ikielekea ukutani. Gredi ya pili amekwenda. Siku hizi anapiga hodi kila mlango wa Kuze, na mimi hulazimika kumfuata na kunywa juisi ya ukwaju kwa kila jirani.

Nilimshonea Bi Swabaha makubadhi. Mguu wake sikuupima, nilikuwa nimeutazama vya kutosha. Nikayatia mikanda ya rangi ya chungwa. Tulipofika chini ya ngazi, mimi na Aida, nikapiga hodi.

"Nani?" akauliza kutoka juu, naye alijua vyema ni nani.

"Taib."

Nikamtazama mwalimu wangu. Kidole chake kilikuwa katikati, si juu si chini. Nikavuta pumzi nikapiga ya pili, na pale chini mwenye duka akaacha mizani yake akaniitikia, "Karibu!" Juu kwikwi zikaanza, na kidole cha Aida kikapanda.